Mche wa Mgeni

Katika Nyumba ya Misimu asubuhi huingia kila baada ya saa tatu, na mtu asiyezoea hulala na kuamka mpaka akasahau leo ni siku gani. Sisi tuliokulia karibu na kuta zake tumezoea. Mama yangu, Mwaja, amezoea kupita wote. Ukimwuliza mimi nilizaliwa lini, atakwambia nilizaliwa kabla ya misimu yote, enzi zile mtama ulipokuwa ukijikalia shambani miezi minne bila aibu.

Siku hizi mtama hauna nafasi ya kujikalia. Nyumba yetu iko chini ya milima ya Chenene, vyumba tisa virefu vyenye paa la kioo chenye ukungu, na humo ndani mwanga, joto na mvua vinaharakishwa hivi kwamba punje inayopandwa leo huvunwa siku ya kumi na mbili. Kila msimu tunapunguza maji kidogo. Miche inayoshindwa inakauka, inayoweza inazaa, na punje zake ndizo zinazorudi ardhini. Hakuna anayeufundisha mmea kitu. Katika miche elfu, michache huzaliwa ikiwa imetofautiana kidogo na wenzake, huu una mzizi mrefu, ule una jani jembamba, na ukame ndio unaochagua. Kazi yetu sisi ni kukaza ukame na kungoja.

Tumengoja miaka ishirini na miwili, yaani misimu mia sita sitini na minne. Vyumba vinane vilikauka kimoja baada ya kingine, tukavifunga milango. Kikabaki chumba cha nne, chumba cha mama na wapaliliaji wenzake kumi na mmoja, ambacho mtama wake ulisimama wima hata pale tulipoukatia maji kwa kiwango ambacho huko nje kingekuwa siku arobaini na moja za jua kali. Wakuu walifurahi wakaipa mbegu jina la mpaliliaji wake. Mtama Mwaja. Mama alijifanya hakusikia, lakini wiki ile alivaa kitenge kipya kazini.

Mimi ni msomaji wa mbegu. Mashine yangu, iliyofika mwaka jana tu, inavunja punje na kusoma maandishi ya ndani kabisa, yale ambayo mmea huyarithi kwa mzazi wake. Kabla ya hapo tulikuwa tukipima kwa macho, kwa chekeche na kwa mizani. Jumanne ile, siku tisa kabla ya watu wa mabonde saba kuja kuchukua mbegu, nilitia punje ya chumba cha nne ili niiandikie cheti. Mashine ikafikiri, kisha ikaandika: si mtama.

Nikacheka. Nikaosha kisahani, nikatia punje nyingine. Si mtama. Nikatia ya tatu, niliyoichota kwenye gunia la mwisho kabisa, huku nikiisemesha mashine maneno ambayo mama hapendi kuyasikia. Si mtama. Nikaiuliza basi ni nini, ikanitajia jamaa yake wa karibu: nyasi ya mitaroni, ile ambayo kwetu haina jina zaidi ya matusi.

* * *

Niliingia chumba cha nne mvua ya mabomba ikikatika. Mvuke ulikuwa umesimama mpaka kiunoni, na wapaliliaji walikuwa wakitembea ndani yake polepole, wameinama, kila mmoja na mstari wake, wakiimba kwa sauti ya puani ile isiyo na maneno. Mwanga wa asubuhi ya pili ulikuwa unapanda. Ukikaa humo muda mrefu unaanza kuona mimea inakua kwa macho yako, jani linajifungua taratibu kama mtoto anayenyoosha vidole usingizini, na hujui tena kama unatazama au unaota.

Zamani palizi ilifanywa na macho ya mashine. Yaling'oa chochote kilichopinda, mtama na gugu sawasawa, mpaka chumba kikabaki kipara. Ndipo wakaitwa akina mama wa huku kwetu, ambao mikono yao inajua. Mama alipokuja alikuja na desturi ya bibi yake. Mwisho wa mstari, ukikuta mche usio na hakika nao, huung'oi. Unauwekea kijiwe cheupe shinani na kuupita. Unaitwa mche wa mgeni. Unaachwa mpaka utoe suke, ujitambulishe wenyewe, na kama ni gugu utang'olewa hapo kabla haujamwaga mbegu. Shambani kwa bibi desturi hiyo haikumdhuru mtu. Mtama wa shambani unavunwa kwa mkono, suke moja moja, na mgeni anaonekana.

Lakini kwetu uvunaji hufanywa na visu vya mashine vinavyopita mara moja, ukuta kwa ukuta. Wageni walivunwa pamoja na wenyeji. Hakuna aliyeliwaza hilo, hata mimi mwenye mashine ya kusoma.

Nilisubiri wapaliliaji wafike upande wa pili, nikashika mche mmoja kwa mikono miwili. Juu ya ardhi ulikuwa mtama mtupu. Bua lake, jani lake, hata kile kiutando cheupe mahali jani linapoachana na shina, ambacho wapaliliaji hukitazama kwanza, kilikuwepo. Nikavuta. Ukakataa. Nikavuta tena kwa uzito wangu wote, nikaanguka kwa makalio, na mizizi ikatoka nao. Mtama una mizizi myeupe iliyotawanyika. Hii ilikuwa myekundu, imesokotana kama kamba ya kufungia ng'ombe, na sehemu kubwa ilikatikia ardhini ikabaki huko.

Nilikaa pale chini kwenye tope nikaelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Nyasi ya mitaroni iliingia humu kwa bahati, labda kwenye udongo wa viatu. Kila msimu wapaliliaji waliing'oa. Walizikosa zile chache zilizofanana na mtama kidogo, na hizo ndizo zilizozaa. Msimu uliofuata wakang'oa tena, wakazikosa zilizofanana zaidi. Chekeche likatupa punje ndogo, likapitisha zilizolingana na za mtama. Vidole vya mama na wenzake ndivyo vilivyoichonga sura ile, kwa kuiwinda. Ilijifunza kila kitu tulichokitazama. Mizizini haikujisumbua, kwa sababu huko hatukuwahi kuangalia, na mizizi ile ya mwituni ndiyo iliyoishi katika ukame uliomuua mtama.

Wapaliliaji walikuwa wanarudi. Niliuficha ule mche ndani ya koti langu nikatoka.

* * *

Dokta Msanjila, mkuu wa Nyumba, alikuwa anakunywa uji kwenye kikombe cha bati alichokileta kutoka kwao miaka hiyo ya mwanzo. Ni mtu mrefu anayependa kuinama akiongea nawe, ili usijisikie mfupi. Niliweka mche mezani, mizizi ikiwa juu, nikamweleza. Hakunikatiza. Alipomaliza kusikiliza alisukuma kikombe pembeni.

"Ukiwaita wapaliliaji wote kumi na wawili, watasema ni nini?"

"Watasema mtama, Dokta."

"Chekeche limesema mtama. Mizani imesema mtama. Kila jicho lililowahi kuutazama limesema mtama. Imebaki mashine yako peke yake, Nyemo."

"Na tumbo," nikasema. "Tumbo halijaulizwa."

Katika Nyumba ya Misimu kuna sheria ambayo mtoto wa mpaliliaji huijua kabla ya salamu: punje haiendi kinywani. Kila punje ni mbegu. Katika misimu yote hiyo hakuna aliyewahi kupika hata kijiko. Mmea ule ulichaguliwa na macho, na chekeche, na ukame, lakini haukuwahi kuchaguliwa na mlaji. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuwa chakula.

"Mashine inasema ina sumu?"

"Inasema haina sumu inayoijua. Inajua sumu za mtama tu."

Akasimama akaenda dirishani. Huko nje jua lilikuwa halijasogea sana tangu asubuhi, juu ya ardhi nyekundu isiyo na kitu.

"Sheria ya gugu unaijua pia," alisema. "Likionekana chumbani, chumba kinachomwa chote, udongo na magunia. Huu ni mwaka wa sita mabonde hayavuni. Dada yangu yuko bonde la Chihela, anakula unga wa msaada kwa vikombe. Ukiweka kidole kwenye cheti, Alhamisi ijayo wataondoka na mbegu itakayoota. Labda inalika. Nyasi nyingi zinalika. Usipoweka, wataondoka na vibuyu vitupu, na sisi tutakuwa tumechoma kitu pekee kilichosimama." Akanigeukia. "Sitakulazimisha. Ningekuwa mtu mbaya kazi hii ingekuwa rahisi."

Nilitoka na cheti mfukoni, hakijawekwa kidole. Nilikuwa namchukia kidogo, kwa sababu alikuwa amesema yote niliyokuwa nayawaza.

* * *

Kila mpaliliaji huandika idadi ya wageni aliowaacha. Nilishinda siku mbili kwenye madaftari hayo. Msimu baada ya msimu, mwandiko wa mama ulikuwa uleule wa herufi kubwa: wageni watatu, wageni wanne, wageni wawili. Kisha nikafika msimu wa mia nne sabini na nane. Wageni mia mbili na sita.

Nilimkuta chumba cha nne peke yake, wenzake wameshatoka kula. Taa za jioni zilikuwa zinashuka, zile za rangi ya ndimu mbivu. Alikuwa anaosha mikono kwenye bomba la ukutani. Nilimwambia yote, kwa kifupi, kama mtu anayeng'oa jino. Alifunga bomba akakaa kwenye ukingo wa tuta, nami nikakaa kando yake. Asubuhi iliingia ikatoka, ikaingia nyingine, mvua ikatunyeshea kidogo na kukoma. Mama alikuwa anatazama mistari yake.

"Mtama wenyewe uko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Ulikwisha, mama. Nimepima mabua tuliyohifadhi ya kila msimu. La mwisho ni la msimu wa mia tano ishirini na moja."

"Na mimi nikaendelea kuja."

"Uliendelea kuja."

Akapangusa uso kwa upande wa mkono. Nikafungua daftari, nikamwonyesha ule ukurasa, ingawa sikutaka. Aliuangalia mara moja tu.

"Ndio msimu tuliomzika baba yako," alisema. "Nyumbani kulijaa watu, nikashindwa kupumua. Siku ya pili nikaja huku. Nikainama, nikashika mche, Nyemo, nikashindwa. Nilijua kabisa ni gugu, ila mkono ulikataa. Nikajiambia labda sina hakika. Nikaweka kijiwe. Ukaja mwingine, nao nikaweka kijiwe. Vijiwe vikaniishia mfukoni, nikaendelea kuwaacha. Siku ile sikuweza kuua kitu chochote kilichokuwa kimesimama."

"Mbona hukusema?"

"Niliandika. Hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli, hakuna aliyemwuliza. Mimi mwenyewe wiki ile nilikuwa nimejifungia chumbani na huzuni yangu, nikamwacha na yake. Nililia hapo, naye akanishika shingo kwa mkono wenye maji.

"Nitaweka kidole," nilimwambia. "Dokta ameshakubali. Hakuna atakayejua. Jina lako litabaki."

"Wewe utajua. Na mimi umeshaniambia." Akacheka kidogo bila furaha. "Mwanangu, hiyo mbegu wameipa jina langu. Mtoto akiumwa tumbo huko Chihela, mama yake atamtaja nani? Atasema, Mwaja ameniulia mtoto. Nitalisikia hilo hata nikiwa kaburini."

"Na wasipopata mbegu?"

"Watanitukana nikiwa nasikia. Hilo naliweza."

* * *

Alhamisi walikuja, watu arobaini kutoka mabonde saba, na vibuyu vyao vya mbegu vimesafishwa vikang'aa. Walikaa uani kwa utulivu wa watu waliokwisha kusubiri sana. Dokta Msanjila alianza kutafuta maneno ya kukaribisha wageni, lakini mama alikuwa ameshatoka chumba cha nne na beseni la udongo mikononi, ndani yake mche mmoja umesimama.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo, nao wakaitikia. "Mimi ndiye Mwaja."

Watu wakapiga makofi. Alingoja yaishe, kisha akaweka beseni chini, akaupiga mche teke dogo kuulegeza, akaung'oa mbele yao. Mizizi myekundu ikaning'inia.

Aliwaeleza bila kujipamba. Aliwaambia habari za mgeni, na vijiwe, na visu vya mashine. Alitaja msimu wa mia nne sabini na nane na mazishi ya mume wake. Alisema hajui kama punje hii inalika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuila, na kwamba jina lake liondolewe kwenye magunia mpaka ijulikane.

Kisha akasimama mwanamke mmoja wa Chihela, mwenye mabega mapana, aitwaye Sechelela. Kibuyu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

"Mama Mwaja," alisema, "miaka sita mmetuambia subirini. Nimezika mifugo yote. Nimetembea siku mbili kuja hapa. Na sasa unaniambia nilitembea kufuata nyasi."

"Ndiyo."

"Usingesema, ningepanda."

"Ungepanda. Na ungewapikia watoto."

Sechelela alimtazama muda mrefu. Nilidhani atampiga, na nafikiri hata yeye mwenyewe alidhani hivyo.

"Basi ichomeni, tuende nyumbani," mtu akasema kwa nyuma. "Si ndiyo sheria yenu?"

Wote wakamgeukia Dokta Msanjila. Aliinama, kama kawaida yake, akaokota ule mche, akaupangusa udongo.

"Sheria inasema gugu likiingia kwenye mtama, chumba kichomwe," alisema taratibu. "Mimi nimeapa kuifuata sheria. Lakini msomaji wangu anasema chumba cha nne hakina mtama. Hata bua moja. Sasa naombeni mnisaidie, gugu limeingia kwenye nini?"

Watu wakaguna, kisha mzee mmoja wa bonde la mbali akacheka, na wengine wakacheka kwa kuchoka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Lakini hakuna aliyetaja moto tena.

Sechelela ndiye aliyeondoka wa mwisho. Alitundika kibuyu chake kwenye msumari wa mlango wa chumba cha nne.

"Hiki kinabaki," alimwambia mama. "Siku nikirudi, nikikute kimejaa kitu ambacho wewe mwenyewe umekula ukashiba."

* * *

Jumatatu iliyofuata tuligawa chumba cha nne kwa kamba, nusu kwa nusu. Nusu ya kulia ilikuwa ya kuonja. Nusu ya kushoto mama aliagiza isipaliliwe kabisa, kwa kuwa alitaka kuiona ile nyasi ikiwa haijatazamwa na mtu.

Msimu wa kwanza punje ilikuwa chungu kama kwinini. Wapaliliaji wote walitafuna na kutema, wakipangusa ndimi kwa vitenge, na yale masuke ambayo uchungu wake ulikuwa na nafuu kidogo ndiyo tuliyopanda. Nilikuwa nasoma kila punje kwenye mashine na kuiambia hiyo mashine ijifunze sumu mpya, nami nikijifunza pamoja nayo. Msimu wa saba tulitema kwa kuchelewa. Msimu wa kumi na mbili Dokta Msanjila alitaka awe wa kwanza kumeza, akisema hana mtoto wa kumlilia. Alikula sahani nzima ya ugali na mlenda mbele yetu. Tumbo lilimsumbua siku mbili, akang'ang'ania kwamba ni mlenda. Msimu wa kumi na tatu akala tena, na hakuumwa.

Huko nje mabonde yaliendelea kula unga wa msaada kwa vikombe. Siwezi kusema ilikuwa rahisi. Barua za Chihela zilifika, fupi, na mama alinisihi nimsomee zote hata zenye matusi. Nilimsomea.

Upande wa kushoto mambo yalikuwa mengine. Bila vidole vya kuiwinda, nyasi ilianza kuivua sura yetu. Kwanza kile kiutando cheupe kilipotea, maana hakikuwa na kazi tena. Kisha wekundu ukapanda kutoka mizizini, ukapita kwenye vifundo, ukafika kwenye majani. Mabua yakalegea yakaanza kutambaa, na asubuhi za saa tatu zikawa zinapita juu ya kitu kama bwawa jekundu linalopumua. Wapaliliaji walikuja kukaa ukingoni pake baada ya kazi, kila mmoja amezama katika mawazo yake. Hatukuwahi kuwa na kitu humo ndani kisichotaka chochote kwetu. Mama alisema kinampumzisha.

Msimu wa mia sita themanini na tisa, miezi kumi baada ya ile Alhamisi, ugali wa upande wa kulia ulikuwa na utamu wa mbali unaokuja baada ya kumeza. Mama alikula tonge la kwanza, la pili, akaendelea mpaka akaikwangua sahani. Alikaa siku nne bila kuumwa. Siku ya tano alikwenda mlangoni, akakishusha kibuyu kwenye msumari, akakijaza kwa mikono yake mwenyewe mpaka shingoni. Tulimtumia Sechelela ujumbe aje.

Kesho yake asubuhi, asubuhi ya kweli ya huko nje, mama aliniita upande wa kushoto. Mizizi myekundu ilikuwa imepasua sakafu karibu na mfereji, ikainua udongo wa chini kabisa, ule wa zamani. Hapo, katikati ya wekundu, palikuwa na mche mmoja wa kijani uliosimama wima.

"Umerudia tabia," nilisema. "Mmoja wao amekumbuka kujifanya mtama."

"Hapa ajifanye kwa nani? Hapa hapapaliliwi." Alikuwa ameinama, pua karibu na jani. "Nenda ukasome."

Nilikata ncha ya jani, nikaenda nayo kwenye mashine. Ilifikiri. Nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Kisha ikaandika neno moja, na nikasoma mara tatu, kama nilivyosoma mara tatu siku ile.

Nilirudi mbio. Mama alikuwa bado ameinama palepale, magoti kwenye udongo.

"Ni mtama, mama. Mtama wenyewe. Punje yake ilidondoka kwenye ufa kabla ya msimu wa mia tano ishirini na moja, ikalala. Kwa saa ya nje ni miaka kama mitano. Mizizi ya nyasi ndiyo iliyoutoa."

Wapaliliaji wenzake walikuwa wamekusanyika, na mmoja akauliza kama tuling'oe gugu jekundu lililouzunguka, tuupe nafasi. Mikono kadhaa ilikuwa imeshaanza kwenda.

"Acheni," mama alisema. "Wenyeji ndio waliomfungulia mlango. Huyo ndiye mgeni sasa."

Akatia mkono mfukoni, akatafuta kwa muda, akatoa kijiwe cheupe. Sikujua kwamba bado alikuwa anatembea navyo. Akakiweka shinani pa ule mche, akakisukuma kidogo kwa kidole kikae sawa.

"Baba yako angecheka sana," alisema, na akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama.